Mimi, Goti Langu na Kigari cha Kusimamia

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa chombo. Sina neno jingine. Si baiskeli, si pikipiki, si toroli. Magurudumu ni mawili, lakini hayakufuatana kama ya baiskeli, yamekaa ubavu kwa ubavu kama masikio. Katikati kibao cha kukanyaga, mbele fimbo ya chuma yenye mpini unaofika kifuani. Kiti hakina. Unasimama juu yake kama mtu anayeomba kura.

Amekileta mjukuu wangu Chiriku. Jina hilo nilimpa mwenyewe, maana tangu azaliwe hajanyamaza. Kwenye ukumbi wa mikutano anakofanya kazi, walinzi walikuwa wanazunguka kwa vigari hivi. Sasa wamepewa vipya, vya zamani wameuziwa wafanyakazi. Nikamwuliza, na mimi cha nini? Akasema, "Bibi, ni kwa ajili ya goti lako."

Goti langu. Kila mtu ana neno juu ya goti langu.

Basi niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kazi yangu ni mapazia. Kupima, kukata, kushona, kwenda kutundika. Kushona sina shida, nakaa. Kwenda kwa watu ndiko kunanimaliza. Mwaka huu nimekataa kazi za mbali, nikasingizia nina wageni. Wageni gani, na chumba chenyewe kimejaa vitambaa hadi mlangoni. Binti yangu, mama yake Chiriku, amegundua. Amenipakia rangi chumba nyumbani kwake. Anataka nifunike cherehani nihamie nikapumzike. Nikapumzike — nikae kwenye kochi la watu kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Amesema atakuja mwezi huu tuamue. Tuamue maana yake ameshaamua.

Kigari nimekifunika na kipande cha kitambaa. Kinanitazama.


Jumanne, 5 Machi

Nimekipanda.

Chiriku alinishika kiuno kwenye ujia wa nje. Akasema kinajisimamisha chenyewe, ndani mna kitu kinachojua unaegemea wapi. "Ukiinama mbele kidogo, kinakwenda. Ukijivuta nyuma, kinasimama. Basi, Bibi. Usipigane nacho."

Nikapigana nacho. Nilipoweka mguu wa kwanza kikatetemeka. Nami nikatetemeka. Kikaona natetemeka, kikazidi. Tukawa kama walevi wawili wanaosaidiana kuvuka barabara. Kinyozi wa mlango wa pili akaacha kichwa cha mteja nusu, nusu kimenyolewa nusu bado, akatoka kutazama. "Bi Mkubwa, ukianguka, angukia upande wangu, nina mto." Nikamwambia amalize kile kichwa kwanza, mwenye nacho atakitafuta.

Nikapanda tena. Nikateremka. Nikapanda. Chiriku akasema, "Legeza magoti." Nikamjibu haya yamelegea siku nyingi.

Mara kikatulia. Sijui nilifanya nini. Nadhani nilichoka, nikaacha kukibana kama kuku wa kuibwa. Kikasimama kimya, nami juu yake kimya. Nikainama kidogo sana, kama mtu anayechungulia sufuria. Kikaenda. Ukuta ukapita pembeni yangu wenyewe, na mlango wa kinyozi, na ndoo. Na goti halikusema neno.

Chiriku anakimbia nyuma anapiga kelele, "Mke mwenzangu huyo! Mke mwenzangu!" Nikamwambia anyamaze, ananitia aibu. Sikuona aibu yoyote.


Alhamisi, 7 Machi

Leo nimemgonga kinyozi. Si sana.

Kosa lake. Kila jioni anafagia nywele za wateja wake, akifika mpakani mwa mlango wangu anaacha kufagia, upepo unamalizia. Kitambaa cheupe cha watu kikaokota nywele za wanaume nisiowajua. Leo nimemkuta na ufagio mkononi. Nilikuwa juu ya kigari natoka. Nikaanza kumweleza. Mimi nikimweleza mtu, mwili wote unaeleza — kidole kinatangulia, kidevu kinafuata, kifua kinafuata.

Kigari hakijui kugomba. Kinachojua ni kwamba nimeinama mbele. Kikanipeleka.

Kinyozi akarudi nyuma, mimi namfuata na kidole changu, na kadiri nilivyomkaripia ndivyo kilivyokaza mwendo. Tukaingia dukani. Mteja aliyekuwa na povu shavuni akapanda juu ya kiti. Tulisimama mwishoni kabisa, kinyozi mgongo kwenye kioo, mpini wangu kwenye tumbo lake, nami bado sijamaliza sentensi.

Akasema, "Bi Mkubwa, maneno yako nimeyazoea. Leo umeyaleta na usafiri."

Nikajaribu kuendelea nikiwa nimenyooka wima. Haiwezekani. Karipio la kunyooka halina chumvi. Nikajivuta nyuma ili nisimgonge tena, kigari kikarudi nyuma, nikawa natoka mlangoni kinyumenyume bado nasema. Wakacheka hadi yule wa povu akajilamba sabuni.

Nami nimecheka, nilipofika ndani. Nywele zimefagiliwa zote.


Ijumaa, 8 Machi

Duka la vitambaa kwenda na kurudi. Nimebeba robota begani. Njia nzima hakuna aliyeniambia pole. Nilishazoea, pole Bibi, pole Bibi, kama nimefiwa. Leo wamenipigia makofi.

Muuza duka akaniuliza, "Kina breki?" Nikamwambia breki ni mimi.


Jumatatu, 11 Machi

Kazi! Na si ya hapa mtaani. Zahanati ya meno, kule barabara ya juu, njia ya vigae vitupu, magari hayaruhusiwi. Daktari mwenyewe kijana, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Madirisha marefu, anataka mapazia yaguse sakafu. Zamani ningesema nina wageni. Leo nimesema, nakuja.

Nimeingia nacho hadi ndani. Sakafu ya pale ni kama kioo. Msichana wa mapokezi akasimama, wagonjwa waliovimba mashavu wakasahau mashavu yao. Ningeteremka? Watu wote wale wananitazama? Sikuteremka. Nimekwenda dirisha hadi dirisha nimesimama kama malkia, nimepima yote bila kugusa chini.

Daktari akanipa tepu. Nikamrudishia. Tepu huvutika, mwili wangu hauvutiki. Miaka yote napima hivi hivi: nasimama chini ya fimbo ya pazia, nanyoosha mkono, natazama ncha ya vidole imeacha shubiri ngapi kufika kwenye fimbo, najumlisha. Urefu wangu na mkono naujua kama jina langu. Sijawahi kukosea, hata pazia moja.

Binti yangu amepiga simu. Nimempa habari. Akasema, "Mama, umri wako na kigari?" Nikamwambia umri wangu ulibaki nyumbani, nimeuachia funguo.


Jumatano, 13 Machi

Mafupi.

Yote. Shubiri nzima kutoka sakafuni.

Nimeyatundika leo, nikarudi nyuma nitazame, nikadhani macho. Nikainama nikaweka mkono chini ya pindo. Mkono ukapita, ukanyooka, ukapata na nafasi ya kugeuka. Daktari alikuja akasimama karibu yangu. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akasema, "Bibi, madirisha yangu yamevaa kaptula." Msichana wa mapokezi akageuka ukutani, mabega yanacheka.

Nimemwambia nitarekebisha, nitayaleta Jumapili akiwa hana wagonjwa. Amekubali. Nimeyashusha, nimerudi nyumbani. Njiani sikumsalimu mtu.

Jioni binti yangu akapiga. Kwake uongo wangu haudumu, nikiulizwa najibu. Nimemwambia. Akasema polepole, kama anamwambia mtoto, "Si kosa lako, Mama. Ndivyo inavyoanza. Kipimo ndicho hutangulia kuondoka." Atakuja Jumapili na gari la mumewe, na maboksi.

Nimekata simu bila kugomba.

Cherehani sijaigusa.


Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimesimama kwenye dirisha langu mwenyewe. Nikanyoosha mkono. Shubiri mbili kutoka vidoleni hadi kwenye fimbo, kama jana, kama miaka yote. Nikashusha mkono. Nikanyoosha tena. Mbili. Sasa kipimo kimeondoka wapi, mbona kipo?

Nikasema potelea mbali, niende dukani nikanunue uzi. Nikapanda kigari humo humo chumbani. Jua likaniingia machoni, nikanyoosha mkono nivute pazia — shubiri moja.

Nilikaa juu ya kile kibao sijui muda gani. Nikateremka: mbili. Nikapanda: moja. Nikateremka, nikapanda, mpaka kinyozi akagonga kuuliza kama nimepata mgeni, maana anasikia tu-tu, tu-tu.

Si uzee! Kibao kimeinuliwa na magurudumu, shubiri kamili kutoka chini. Zahanatini nilipima tangu kwenye nyayo zangu kama kawaida, ila nyayo zenyewe hazikuwa sakafuni. Kiburi kimenipandisha, mapazia yamelipa.

Nimempigia binti yangu papo hapo, sijavua hata kilemba cha kulalia. Nikamweleza yote, kibao, nyayo, shubiri. Akasikiliza. Akasema, "Mama, usikisingizie kigari." Ananiambia mimi! Nikagomba hadi simu ikapata moto. Anakuja Jumapili vilevile.

Aje. Nimekula vizuri leo.


Jumamosi, 16 Machi

Kitambaa kile kimekwisha dukani. Kuunga rangi ileile haiwezekani, na kiraka kinachojificha ndicho kinachoonekana. Basi nimekionyesha. Chini ya kila pazia nimetia mkanda wa samawati iliyoiva, shubiri moja na mkunjo. Chiriku alishika upande mmoja, akasema madirisha yale sasa yatavaa viatu. Nikamwambia ana ulimi, akamwambie mama yake.

Akalainisha mkunjo kwa kidole. Kisha akasema, "Bibi, Mama si mbaya. Anaogopa siku moja atakukuta chini." Nikamwambia najua. Nami ninaogopa, lakini ninaogopa kochi zaidi.

Kigari kipo kwenye chaja. Taa ya kijani.


Jumapili, 17 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za zahanati, daftari la kazi magotini. Nieleze kabla binti yangu hajafika.

Alikuja asubuhi. Amevaa viatu vya kisigino kama anakwenda harusini, maboksi yamejaa garini. Akatazama cherehani, akatazama goti, akatazama kigari. Akaanza kukunja vitambaa vyangu. Nikamwambia viache, nina mapazia ya kupeleka, daktari ananisubiri. Akasema tuyapeleke kwa gari. Nikamwambia barabara ya juu gari haliingii. Akasema atayabeba yeye, mimi nikae. Nikamwambia, "Mwanangu, ulishawahi kutundika pazia?"

Basi akashusha pumzi. "Haya. Nitatembea pembeni yako. Ukianguka nikudake. Tukirudi, tunapakia."

Nikasema sawa. Nikavaa kofia ngumu aliyoniachia Chiriku, nikatia mfuko wa mapazia begani, nikapanda. Yeye akaweka mkono nyuma ya mgongo wangu, wazi, kama anayesubiri yai lidondoke.

Tulianza vizuri. Alikuwa anasema. Chumba kina dirisha kubwa, wajukuu watakuwa karibu, kuna bomba ndani. Nilimsikiliza, nimenyooka. Kwa kweli ni chumba kizuri. Kisha akasema wataniwekea na kochi langu mwenyewe, la kulala nusu, linalonyanyua miguu. Nikageuza kichwa nimjibu, nikataka kumweleza vizuri, na mwili wangu nimeshasema jinsi ulivyo —

Nikasikia mkono umeniacha mgongoni. Nikasikia visigino, ko-ko-ko-ko, vinakazana. Nikasikia, "Mama!" Kisha, "Mama, punguza!" Kisha sauti ndogo kabisa, "Mama, sikuwezi."

Ningejivuta nyuma. Nilijua pa kujivuta. Lakini vigae vilikuwa vitupu, Jumapili asubuhi, na upepo umeingia chini ya kofia, na nilikuwa natabasamu kama mwehu. Nikasema nifike tu pale kona. Nikafika kona. Nikasema hadi duka la viatu.

Sasa naye namwona. Ametokea kwenye kona. Viatu ameshika mkononi, anatembea peku, mkono mwingine kiunoni. Amesimama. Ameegemea nguzo. Ameinua kichwa, ameniona, na sijui kama anacheka au analia, kwa mbali hivi mdomo ni uleule.

Daktari amefungua mlango nyuma yangu. Ametazama mkanda wa samawati unaotokeza mfukoni, akasema, "Aa." Amesema ngazi ya kutundikia iko tayari, tuanze?

Nimemwambia hapana, tumsubiri mtoto. Amechoka.