Sauti ya Mwalimu Wilondja

Jumatatu, 5 Februari

Tableti tano zimejaa chaji. Ya sita imekataa, kama kawaida yake. Nimeipangusa, nimeibembeleza, nimeitukana. Bure. Kesho itarudi tena ku sola, juu ya bati ya biro, pale Direkta anaongozea shule.

Toka mradi utuletee hizi vyombo, batoto bananiita Mama Tableti. Na Direkta pia. Niko na jina langu, niko na bwana, niko na batoto wawili, na sasa naitwa kwa jina la chombo. Haya.

Kalasi yangu ya tano leo hesabu. Tableti moja kwa kikundi, vichwa binagongana. Ile sauti ya mule ndani inaongea Kiswahili cha mbali, kama muntu anasoma habari ku redio. Batoto banaiiga, banacheka. Hesabu hawakushika sana. Kuiga walishika kabisa.

Kitu kimoja tu kimenisumbua. Mchana wote sikumusikia Mwalimu Wilondja. Kati ya kalasi yangu na yake ya ine ni ukuta wa mbao tu, na miaka yote sauti yake inapitaka pale. Mi mwenyewe alinifundisha mule mule, nikiwa mutoto. Leo kimya. Sijapenda.

Jumatano, 7 Februari

Sasa najua. Sauti inamutoka Mwalimu. Asubuhi anaanza vizuri, ikifika rekre, saa ya mapumziko, inabaki upepo tu. Anakunywa maji ya tangawizi, anatafuna kitunguu saumu, ananuka kama chungu cha sherehe. Haisaidie. Batoto wa kalasi yake ni wengi kupita biti za kukalia, wa nyuma hawasikii kitu.

Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, pale nje, kwa sauti ya kunong'ona. Direkta amemuita. Pasaka ikiisha, kalasi ya ine itachukuliwa na kijana mumoja aliyemaliza masomo kule Fizi-Centre.

Mwalimu alikuwa apumzike kazi kwa uzee mwisho wa mwaka wa masomo, tulijua wote. Lakini hii kalasi aliipokea mwaka wa kwanza, batoto wangali banalia bakitafuta bamama wabo, na kila mwaka amepanda nayo. Kitu kimoja tu anaomba: aifikishe mwisho wa mwaka. Miezi tu. Kisha aende akakae na bibi yake wa ndoa Mama Byaombe, bakule mikeke, samaki za ziwa letu.

Direkta haiko muntu mubaya. Anasema Inspekta wa shule anakuja mwisho wa mwezi, na kalasi isiyosikia mwalimu haiko kalasi. Iko na haki. Ndiyo inaniudhi zaidi.

Alhamisi, 8 Februari

Nilikuwa nachagua mchele. Nikasimama.

Tableti inajua kukamata sauti. Asubuhi Mwalimu iko na sauti. Basi tuikamate asubuhi, mchana tuitoe.

Naona haya kwamba sikuwaza hii mapema. Niko nabasikilizisha batoto sauti ya muntu wa mbali, na sauti nzuri kupita zote iko nyuma ya ukuta wangu.

Jumamosi, 10 Februari

Nilifika kwake jua lingali chini. Mama Byaombe alikuwa anaanika mihogo ku mukeka, mbuzi yake inaiangalia kwa macho ya mwizi.

Mwalimu alitoka amevaa koti. Koti. Na tai. Nikamuambia, Mwalimu, hii inakamata sauti tu, haikuone. Akajibu kwamba yeye hajawahi kufundisha bila koti, na hataanza leo kwa ajili ya kioo. Akaiuliza tableti kama iko tayari. Akaiangalia kwa ukali, kama mutoto amechelewa.

Kisha akafundisha. Ee Mungu wangu. Somo la ziwa letu: ginsi ilivyo refu, ginsi ilivyo na kina, mito inayoingia, inchi zinazolizunguka. Nilikaa ku kiti kidogo na nilikuwa tena na miaka tisa.

Somo lilipofika ku inchi ndipo mbuzi ilifika ku mukeka. Mwalimu hakusimamisha somo. Kwa sauti ile ile ya somo, pole pole, kila neno mahali pake, alisema: "Kongo. Burundi. Tanzania. Zambia. Mama Byaombe, ufunge ile mbuzi." Akaendelea na samaki.

Nilitaka turudilie. Lakini sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, na somo lilikuwa tamu. Nikamuambia iko sawa, batoto hawatashugulika na mambo ya mbuzi. Mi ndiye nilisema hivyo. Mi mwenye akili ya vyombo.

Jumanne, 13 Februari

Imefanya kazi.

Nilimupa Mwalimu tableti moja na ile bafle ndogo ya mradi, inayokuza sauti. Nikarudi kwangu. Nilikuwa naandika ku ubao na ghafula sauti yake ikapita ukuta. Nzima. Yenye nguvu. Chaki ilibaki mukononi. Mutoto mumoja akauliza kama ni vumbi imeniingia mu macho. Nikasema ndiyo, vumbi.

Ku rekre nilichungulia. Sauti iko pale ku meza, inafundisha. Mwalimu mwenyewe haiko mbele. Iko anatembea kati ya biti, anainama, anaangalia kaye, daftari ya mumoja, anachukua kalamu, anachora, anakaa kidogo karibu ya mwingine. Hata kule mwisho, ku ukuta wa nyuma, penye mi simukumbuki kufika hata siku moja. Zamani ilikuwa haiwezekani. Ukiacha ubao, kelele.

Nimefurahi mpaka nimenunua beignets, andazi tamu, za kalasi nzima. Hapana, si nzima. Za balimu.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua tangu juzi. Sola haileti kitu. Chaji kidogo iliyobaki nimeipeleka yote kwa Mwalimu Wilondja. Kalasi yangu imenung'unika. Nimebaambia baandike ku ubao kama bazazi babo walivyofanya, na hawakufa.

Direkta ameniita. Anasema tableti ni za shule nzima, haiko za muntu mumoja. Nimemujibu kwamba huyu muntu mumoja ndiye alimufundisha Direkta kusoma. Nilijibu vibaya na sijutii. Kesho pengine nitajutia.

Bwana yangu, Baba Amani, amepiga simu toka Misisi. Rezo ya simu mbaya. Nilimuelezea mambo ya bafle, akasikia nimenunua bafle. Tumegombana bure.

Ijumaa, 23 Februari

Leo nimecheka mpaka tumbo, na kisha nimeogopa.

Kalasi ya ine walikuwa banarudilia somo la ziwa, wote pamoja. Niko nasikia kupitia ukuta: Kongo, Burundi, Tanzania, Zambia, Mama Byaombe ufunge ile mbuzi. Wote. Bila kucheka. Na kwa kuiga sauti nzito ya Mwalimu.

Nilizani ni muchezo. Nikamuuliza. Haiko muchezo. Toka mwaka wa kwanza alibazoesha: kila neno linalotoka mu mudomo yake, barudilie. Na hii ilitoka mu mudomo yake. Batoto wema kabisa, bametii. Mbuzi imeingia mu ziwa, na ziwa liko mu vichwa.

Inspekta anafika Jumanne.

Nikajaribu kuikata ile mbuzi ku tableti. Nilibonyeza hapa, nikabonyeza pale, chombo kikaniuliza kama nataka kufuta somo lote. Nikaizima. Kutunza najua, kukata sijui.

Jumamosi, 24 Februari

Tulitaka kukamata somo upya. Hakuna sauti. Hata ya asubuhi. Mwalimu alifungua mudomo, ikatoka hewa. Mama Byaombe akageuka, akajifanya anapepeta unga.

Nimerudi nyumbani kwa muguu, sikupanda moto, ile pikipiki ya abiria. Nilitaka kutembea na hasira yangu.

Jumatatu, 26 Februari

Mwalimu amebaandikia batoto ku ubao: kesho, somo la ziwa bila mbuzi. Bakaitika wote. Ndiyo, Mwalimu. Bila mbuzi.

Sina imani.

Jumanne, 27 Februari

Inspekta alifika na moto toka Fizi, matope mpaka magoti. Muntu wa maneno machache. Akaingia kalasi ya ine na Direkta. Mi niliipa kalasi yangu mazoezi, nikaweka sikio ku mbao. Haya sina.

Somo likaenda. Sauti nzuri, kimya kizuri. Ikafika ku inchi, batoto wakarudilia. Kongo. Burundi. Tanzania. Zambia. Hapo wakanyamaza. Nikashukuru Mungu. Nilishukuru mapema. Bafle ikasema maneno yake, na kalasi nzima, kwa woga, kwa sauti ya kufika mpaka Nundu, ikarudilia: Mama Byaombe, ufunge ile mbuzi.

Nilifumba macho. Nilimusikia Direkta akikohoa.

Inspekta akauliza mutoto mumoja wa mbele, mbuzi inafanya nini mu ziwa. Akajibu kwa heshima kubwa kwamba haiko mu ziwa, iko inakula mihogo ya Mwalimu.

Inspekta hakucheka. Nilisikia viatu vyake vikitembea mpaka nyuma kabisa. Akauliza jambo ambalo halimo mu somo: tukisimama hapa Baraka ku maji, zile milima tunaona ng'ambo, ni inchi gani?

Bafle haikusema hiyo. Nikawaza, imekwisha. Kasuku tu, atasema tumefuga kasuku.

Kisha sauti ndogo ya musichana, kule mwisho: "Ni Kongo bado. Ni Ubwari. Tanzania iko nyuma yake, mbali."

Inspekta akamuuliza ameijua wapi, maana ile sauti ku meza haikuitaja. Akasema: "Mwalimu alikuja kukaa karibu yangu. Akanichorea."

Niliteremuka ku mbao, nikakaa chini. Kalasi yangu yote ilikuwa inaniangalia. Hakuna aliyefanya mazoezi.

Jioni Direkta alinielezea yaliyosemwa ku biro yake. Inspekta alisema hivi: kila shule anapofika, mwalimu amesimama mbele na batoto wa nyuma wanalala. Leo ameona mwalimu amefika ku kiti cha mwisho. Basi kalasi ibaki yake mpaka mwisho wa mwaka. Lakini aende kwa munganga wa hospitali kule Nundu. Na ile mbuzi itolewe.

Nilikimbia kumuambia Mwalimu. Alikuwa ameshajua. Alikuwa amekaa peke yake mu kalasi, koti ku magoti, anapitisha macho ku ubao pole pole. Alinishika kichwa kama zamani. Nampenda huyu muzee. Naandika hivyo hapa kwa sababu mbele yake sitaweza.

Alhamisi, 29 Februari

Mwalimu amerudi toka Nundu. Munganga alimuangalia mu koo na taa. Haiko ugonjwa wa kuua, asante Mungu. Lakini sauti imechoka kabisa. Kuanzia Jumatatu asiseme neno hata moja mpaka Pasaka ipite. Hata kunong'ona, tena kunong'ona ndiyo mbaya zaidi. Akitii, inaweza kurudi. Asipotii, itaenda moja kwa moja.

Mpaka Jumatatu amemuruhusu kidogo sana. Maneno ya lazima tu.

Mama Byaombe anasema nyumba itakuwa na amani. Anasema huku anajipangusa macho na kitenge.

Jumamosi, 2 Machi

Nilifika mapema kupita siku ingine. Mama Byaombe alishakwenda soko. Mbuzi niliifunga mi mwenyewe, ku mupera wa nyuma ya nyumba, mafundo mawili. Nikaipa maganda ya muhogo ili ifunge na mudomo.

Mwalimu akatoka. Koti, tai. Akakunywa tangawizi. Asubuhi hii sauti ilikuwepo, ndogo, lakini yake.

Hakunisalimia hata kidogo. Alinionyesha koo na kidole, nikaelewa: anaitunza kwa batoto. Tulikamata masomo matatu mafupi ya kutumia mpaka Pasaka. Aliyachunga maneno, hakuna hata moja la ziada. Kati ya somo na somo alifumba mudomo na mukono juu yake.

La mwisho ni ziwa. Safi, tangu mwanzo. Urefu, kina, mito. Kongo. Burundi. Tanzania. Zambia.

Kisha akanyamaza. Nikazani sauti imekwisha. Nilikuwa nanyoosha kidole nizime. Akainua mukono, ningoje. Aliniangalia, macho yanacheka. Akaisogelea tableti, akakusanya yote iliyobaki mu kifua, na akasema wazi kabisa, kama zamani nyuma ya ukuta: "Mama Byaombe, ufunge ile mbuzi."

Akafunga mudomo. Akanionyesha kwa kidole kwamba tumemaliza.

Mama Byaombe alikuwa soko. Mbuzi ilikuwa imefungwa.

Nimerudi, nimepanga tableti zote ku sola. Ya sita imekubali chaji leo. Inspekta alisema tuitoe mbuzi. Nitajifunza kukata siku ingine.