Mnafu wa Mama Yako na Zamu ya Maji

Sekei, Arusha,
8 Septemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Prisca,

Kwanza marahaba, maana najua huko Mtwara umeshaniamkia moyoni. Pili, ujue barua hii inatoka kwa mtu mzito. Mfereji wote unaoshuka huku kutoka mlimani sasa uko mikononi mwangu. Wakubwa wa jiji wakitaka kuoga, lazima mimi nikohoe kwanza.

Hujambo wewe, na kichanga je? Ananyonya vizuri? Nasikia ana paji la uso kama langu, basi shule haitamsumbua. Mimi mzima, mgongo tu unanibana asubuhi, ni uzito wa madaraka.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikipiga simu yako anapokea mama yako. Frederick wa dukani anakuja huko, nimemwambia akupe mkononi, mama yako akiwa anamwogesha mtoto.

Sasa bustani. Mama yako alipoondoka kuja kukutunza uzazi aliniachia kitalu chake cha mboga ya mnafu. Mbegu ile ni ya bibi yako, haiuzwi popote, na ndio mnafu anaotaka upikwe siku mtakapomleta mtoto kubatizwa. Akaniambia mbele ya watu: "Kaka Aminieli, wewe ukipewa jiwe ulilinde, litakimbia." Watu wakacheka. Nikasema moyoni, utaona.

Aliniagiza zamu yetu ya maji ikifika nifungue mfereji kidogo tu, maji yatambae. Lakini mpwa wangu, mtu wa cheo changu anafunguaje kidogo? Niling'oa kizuizi chote, lile gogo la mgomba pamoja na matope yake. Maji yakaja yananguruma mpaka nyati huko msituni wakasimama kusikiliza. Nikaruka katikati niyazuie kwa kifua, yakanibeba hadi kwenye ua. Angekuwa mtu mwingine, saa hizi mngekuwa matangani.

Nilipofuta macho, kitalu kilikuwa kipara. Mnafu wote umeteremka kwa jirani Elinami, na huko huko ukashika mizizi.

Elinami akasema miche atanirudishia, ila kila jioni nimwagilie bustani yake yote kwa ndoo. Nikifika anasema, "Karibu mheshimiwa wa maji, ndoo yako ile pale." Mkewe Diana anacheka mpaka anakaa chini. Sijali. Nusu ya miche ameshanipa, nimeipanda upya, naimwagilia kwa kopo, polepole, kwenye shina. Imeanza kuinuka, lakini majani bado ni kama masikio ya panya.

Kwa hiyo nakuomba, usimruhusu mama yako arudi kabla miche haijatanuka. Mwambie bado hujajua kumfunga mtoto mgongoni. Mwambie lolote. Nikimpotezea mbegu ya mama yetu, ataninyima hata salamu.

Msalimie sana mumeo Daniel, na unibusie mjukuu. Mke wangu Ruth anawasalimu wote. Mungu awape usingizi, maana wenye kichanga ndio wanaoukosa.

Ni mimi mjomba akupendaye bila kipimo,
Aminieli.

Nilisahau. Ile picha ya mnafu mnene niliyomtumia mama yako, anayowaonyesha majirani zenu, niliipiga kwa Elinami. Akianza kuisifu tena, badilisha mazungumzo. Inaniuma.