Gauni la Njano

3 Machi

Mama mpendwa,
Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na ile miguu? Mimi mzima, kazi tu inanikimbiza.

Nina jambo, usinicheke. Unajua sijawahi kuvaa ila buluu. Hata mapazia yangu ni ya buluu. Juzi dukani nilijaribu gauni la njano. Nikajitazama kwenye kioo, machozi yakanitoka bila sababu. Nimelinunua. Najua njano ilikuwa rangi ya pacha wangu, marehemu Manjano. Je, nimemkosea? Picha hiyo hapo.

Mwanao,
Buluu


15 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Sijambo kidogo. Muuguzi anasema moyo wangu umechoka; nimemwambia hata mimi nimechoka naye.

Picha nimeigeuzia ukutani. Lirudishe hilo gauni.

Mama yako


2 Mei

Mwanangu,
Hujambo? Barua zako nimezipata zote. Nilikosa ujasiri, si nguvu.

Mlifanana mno, hata mimi niliwachanganya. Ndiyo maana nikawashonea mmoja njano, mwenzake buluu, na rangi zikawa majina. Mlipokuwa na miaka minne, gari lilimgonga mmoja wenu pale kona. Nilipofika ameshafunikwa shuka. Nikaona pindo la njano. Tukamzika Manjano.

Msiba ulipokwisha nikakuogesha, nikaliona kovu la pasi gotini. Kovu lile lilikuwa la Manjano. Ukasema, "Mama, tulibadilishana nguo." Nikakuziba mdomo. Nilikwisha kumlilia mmoja. Kuanza upya na wa pili sikuweza. Nikakuvisha buluu mpaka ukasahau.

Maisha yangu yote nimefundisha watoto wa wenzangu kuandika majina yao, na wewe lako nikakunyang'anya. Tangu siku ile, nikikuita Buluu huitika wawili. Sasa hupo hapa, nami nikilitaja jina hilo bado naitikiwa, sauti ya mtoto wa miaka minne, hapo mlangoni.

Nisamehe kabla sijamfuata.

Mama yako


11 Mei

Mama,
Shikamoo. Umeamkaje? Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi sakafuni, nalipapasa kovu. Uliniambia nililipata kwa kuanguka.

Umeniomba msamaha. Nina hasira, na bado nakuhitaji. Nakuja Jumamosi. Nitavaa njano, usishtuke. Nikibisha hodi, ita majina yote mawili. Moja nitaitika mimi. La pili tumwachie mwenyewe.

Mwanao,
Manjano