Nani Alikata Simu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa hao wanangu ambao naambiwa sasa wananipita urefu. Mimi ni mzima, ila vumbi la dari limeniachia kikohozi. Mama hajambo. Magoti ndiyo yanamgomea, lakini ulimi uko vilevile unavyoujua.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ulinitumia ujumbe mmoja tu: kwamba baada ya miaka yote ya kununiana, tangu ulipomwita mama mwoga kwa kukubali kulihama duka, ulimpigia, ukamwomba msamaha, naye akakukatia simu. Ukaapa hutapiga tena. Nakusihi, dada, isome barua hii yote kabla hujaapa mara ya pili.

Nianze na kazi. Kampuni yetu ilipata kazi ya kuweka intaneti ya bure katika jengo la maduka, lile letu la zamani. Usishtuke. Korido imepigwa vigae vinavyong'aa, na pale mama alipokuwa akishona sasa wanauza makava ya simu. Lakini ngazi ni zilezile. Nilipopanda darini kufunga vifaa nilichungulia kwenye upenyo, na wallahi nilikuona na sare yako ya shule, umekaa sakafuni karibu na cherehani unafumua pindo, mama anakufokea ule kwanza. Nilikaa kule juu kama zuzu, nalia, na vumbi ndilo nililolisingizia.

Kila kifaa lazima kipewe jina. Wenzangu huandika namba tu. Mimi niliandika Kwa Fundi Saa, Kwa Muuza Sufuria, Ngazi ya Kuteleza, Kwa Mama. Nilijiambia nitabadilisha baadaye.

Baadaye meneja wa jengo akanunua mfumo wa ramani. Kila simu inayonasa intaneti yetu huonekana kama nukta kwenye mchoro wa jengo, na mfumo unapima nukta imekaa wapi kwa muda gani, ili ajue watu wanapenda kusimama wapi na kodi ya duka lipi aipandishe. Kuunganisha mtandao na mfumo huo ilikuwa kazi yangu. Nilipakia mchoro, nikaburuta kila kifaa hadi mahali pake, nikanakili ule ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu, nikaubandika, nikabonyeza. Kimya. Kumbe nilikuwa nimeacha herufi ya mwisho. Niliporudia, nukta zikaanza kuchomoza mojamoja hadi jengo likajaa, na majina yangu nayo yakaingia mzimamzima! Meneja akaniuliza huyu Fundi Saa yuko chumba gani, mbona halipi kodi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Fundi wa watu alishazikwa siku nyingi, lakini nilifurahi kumwona amerudishiwa kibanda chake, hata kama ni kwenye skrini.

Nyumbani nilimsimulia mama nikijua atanuna, maana aliapa kutolikanyaga tena jengo lile. Badala yake akanitania. Alisema ameliona tangazo langu, WIFI BURE, na kama wifi siku hizi anatolewa bure, basi nimchukulie dada yangu mmoja, asije akazeeka bila wifi kwa ajili ya uvivu wangu wa kuoa. Tulicheka sana. Sikujiuliza tangazo lenyewe ameliona wapi.

Siku chache baadaye meneja aliniita, akanionyesha nukta iliyokuwa ikija kila alasiri na kukaa kwenye benchi pale Kwa Mama. Alisema huyo hanunui kitu, anatunyonya tu. Akaniagiza niweke kanuni kwamba mtu akikaa mahali pamoja zaidi ya nusu saa, mfumo umkate wenyewe. Niliiweka palepale, nikaenda kunywa chai.

Ujumbe wako ulipofika nilimuuliza mama kwa nini amekukatia. Aliniangalia kama nimemtukana. Alisema wewe ndiye uliyekata. Uliposema nisamehe, alianza kukujibu, akasema yote ya miaka yote, amefumba macho asije akalia mbele za watu. Alipofumbua, simu ilikuwa imekatika zamani. Akajua umesikia na hukutaka kujibu. Nikamuuliza watu gani hao, kwani alikuwa wapi? Akainama, akawa anasugua goti. Ndipo akasema hana bando na aliona haya kuniomba, kwa hiyo alikuwa anakwenda kukaa nje ya duka letu, kwenye intaneti ya bure, akitumaini ipo siku utapiga, maana simu ya kutoka huko kwako huingia kwa intaneti tu.

Nilifungua mfumo nikalinganisha saa uliyopiga na saa ambayo kanuni iliikata ile nukta ya benchini. Ni ileile.

Ni mimi, dada. Hukukatiwa na mama, wala mama hakukatiwa na wewe. Nimewakata mimi, mtoto wenu wa mwisho, kwa mikono yangu hii, na naona aibu hata kuandika. Nisamehe. Kanuni nimeifuta na meneja nimemweleza sababu. Amenuna, na anune.

Mama nimemwekea bando, lakini bado anakwenda pale benchi kila alasiri, anasema ndipo ulipompata. Nilimwomba aniambie alikujibu nini siku ile, nikuandikie hapa. Akakataa katakata. Alisema maneno yale si yangu, na safari hii akiyasema anataka awe anakusikia unavyopumua.

Basi mpigie. Wasalimu wote nyumbani, wabusu wanangu, na shemeji mwambie namkumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Kidole