Shokapu Ulizoniapia Mpya

Baba Rehema,

Gari lako limekuumbua. Nilitaka kuanza kwa salamu, na dua nimeshakuombea alfajiri, lakini hili limenikaa kooni na chakula hakipiti mpaka nikwambie.

Naandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zinaenda upande. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwenye maboksi ya spea niliyokuwa nawashia moto wa jiko pale Gerezani, kwenye vibanda vya mafundi. Mimi nachochea, wewe unasema hii ni S, haya, soma shokapu. Shule sikuiona. Neno shokapu nalisoma vizuri kuliko jina langu.

Sasa sikiliza. Arobaini yako inasomwa kwenu Masasi, ulikolala, na Rehema amesema tutaenda na gari lako. Yeye dereva, mimi mbele, wajukuu zako wawili nyuma. Nikamwambia, mwanangu, gari la baba yako likifika kwenye kona linalala kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukishika breki linainamisha pua. Safari yote ile ya kusini, na watoto ndani? Akasema atalipeleka kwa Shomari.

Shomari huyu uliyemfundisha kazi tangu hajaota ndevu, ukamwachia na kibanda. Akalizunguka gari, akakandamiza boneti, likanesa, likanesa, likanesa. Akaanza kutaja. Shokapu mpya za gesi, zote nne. Springi ngumu zaidi na fupi kidogo, gari likae chini. Chuma kinene cha kulizuia lisilale kwenye kona. Akasema, "Mama, litashika barabara kama limegundishwa."

Nikamtazama machoni. Wewe ulikuwa unaniambia, fundi akitaka kubadilisha vitu vingi siku moja, ama gari limekufa ama yeye ana njaa. Na Gerezani naijua. Kitu kinatolewa kwenye gari lako asubuhi, kinaoshwa kwa petroli, kinapakwa rangi nyeusi, mchana unauziwa wewe mwenyewe na asante unatoa.

Kwa hiyo nikakaa benchi. Lile lile la wateja wanaolinda magari yao, ambao nimewauzia wali maharage miaka yote nikiwacheka kwamba hawaamini watu. Jirani anayeuza bushi, zile raba za kwenye maungio ya gari, akanipigia kelele, "Mama Rehema, leo unalinda gari la mumeo lisiibiwe kwenye kibanda cha mumeo?" Nikamwambia auze bushi zake, kama ni zake.

Shomari nikambana kwa maneno yako mwenyewe. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Springi ikirusha, shokapu ndiyo inayosema basi. Nikamuuliza, ukiweka springi ngumu na shokapu dhaifu? Akasema litarukaruka kama mbuzi. Na ukilishusha chini, kwenye mashimo tumbo lake litapona? Akakuna kichwa. Nikamwambia gari hili linabeba wajukuu na gunia la mchele, halishindani na mtu. Weka springi za urefu ule ule, nyuma ziwe ngumu kidogo, basi. Na bushi je? Maana wewe ulisema huvishi kiatu kipya mguu uliovunjika. Akacheka. "Mama, bushi ndizo nilizoanza nazo. Ningeziacha, mzee angenifufukia." Hapo nikalegea kidogo. Kidogo tu.

Shokapu za zamani zilipotoka nikazivuta kwangu. Nikachukua msumari, nikakwangua chini pale niweke alama, ili zikirudi zimepakwa rangi nizijue kama mama anavyojua kovu la mwanawe. Rangi nyeusi ikabanduka. Chini yake bluu. Chini ya bluu, kutu.

Baba Rehema, kutu.

Mpya uliziweka mezani kwetu Buguruni, Idi moja, zimo ndani ya boksi. Boksi nililisoma mwenyewe. Ukaapa, sasa Mama Rehema utapanda gari kama umelala. Ukazichukua kesho yake kwenda kuzifunga.

Nikamwinukia Shomari. Nilimwita majina ambayo siyaandiki, karatasi hii Rehema ataisoma. Nikasema umezibadilisha wewe, mzee akiwa kitandani anaumwa. Yeye akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama ulivyokuwa unafuta wewe. "Mama, hilo gari mzee hakuruhusu mtu aliguse. Hizo alizifunga mwenyewe." Akasema kila ulipopata mpya za gari lako alitokea mtu wa safari, ana watoto ndani, za kwake zimekufa njiani, na wewe unasema, chukua hizi, langu ni la mjini, litasubiri.

Sijui kama naamini. Shomari anakupenda, na mtu anayekupenda atakuongopea vizuri. Labda uliziuza. Nimeliweka kando hilo.

Lakini ule mto wa kukalia sasa nimeuelewa. Mgongo ulipoanza kuniuma ulisema kiti ndicho kimechoka. Ukaniletea mto wa maua kutoka sokoni Mchikichini, ukaukung'uta vumbi mwenyewe, ukauweka kiti cha mbele. Na ile kona ya kuingilia kwetu ulikuwa unaikata polepole mpaka wenye bajaji wanatutukana, wewe unawajibu, "Nimebeba mke." Mimi natamba kwa wanawake wenzangu. Kumbe umebeba shokapu zilizokufa. Nikisifu mapenzi, wewe unaficha kutu.

Nililia pale pale benchi. Watu wakadhani ni msiba. Ilikuwa hasira. Halafu nikawaza... mtu anajua gari lake haliwezi kona, na kila siku anaipita polepole ili mimi nisimwagike. Huyo naye tumwiteje? Jina sijapata. Nikilipata utalisikia.

Shomari akamaliza. Mpya nilizitoa kwenye boksi mimi, na zenyewe nikazikwangua. Chini ya rangi palikuwa na chuma kinachong'aa, hapana kingine. Matairi yakapimwa, yakanyooshwa. Nikakandamiza boneti kwa mikono yangu miwili. Likashuka, likapanda, likatulia. Rehema akaturudisha nyumbani, ile kona akaiingia kwa mwendo wake wa vijana. Nikashika mlango kwa mazoea, nikangoja tulale upande. Hatukulala. Gari likapita limesimama kama mtu mwenye haki yake. Nikaachia mlango. Mkono wangu haukujua uende wapi.

Zile zako za kutu ziko chini ya kitanda. Shomari alizitaka, nikamnyima. Gerezani hazirudi. Hakuna mtoto wa mtu atakayepandishwa juu yake tena, hata kama mwenye kuziuza ana mikono safi.

Tunaondoka Ijumaa alfajiri. Rehema alikuwa ameutoa mto, anasema gari sasa halirushi, mto wa nini? Nimeurudisha. Nimemwambia kazi yake kuendesha.

Basi pumzika, mwongo wangu. Mola akutandikie laini kuliko ulivyonitandikia mimi. Wajukuu zako nitakufikishia wazima, hilo nakuahidi, na kama Rehema atazidisha mwendo nitashuka nitembee nao kwa miguu. Nikifika, mto wako nitauweka chini pembeni ya kaburi, nitaukalia, nitakuuliza shokapu zangu zilikwenda wapi. Sina haraka. Siku hizi mgongo hauniumi.

Ni mimi mkeo,
Mama Rehema