Kabla Hawajakupigia Simu Jumatano

Magamba,
Mpanda, Katavi.
Jumatatu, 10 Machi 2025.

Mpendwa mjomba Methusela,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili kama mama alivyotufundisha, ingawa najua huko Gaborone umeshazoea watoto wanaokusalimia kwa kupunga mkono. Goti lako linaendeleaje? Mama Nashon aliniambia mwezi wa kwanza kwamba umepewa fimbo ya kutembelea na unaificha nyuma ya mlango wageni wakija. Itumie tu mjomba, hakuna anayekucheka. Na vidonge vya presha unameza, au bado ni yale ya "nitameza siku nikijisikia vibaya"? Nashon naye na masomo yake hajambo?

Sisi huku wazima. Baba miguu inamsumbua asubuhi tu, jua likishapanda anakwenda kwenye ng'ombe mwenyewe na ukimshika mkono anakasirika. Mvua imenyesha mpaka imekera. Mahindi ya bondeni yamegeuka njano, ya juu yamependeza. Kaburi la mama tumelipalilia wiki mbili zilizopita, mimi na mume wangu Selestine, na ule mti ulioupanda wewe umeshika.

Barua hii anakuletea Arcade, mwalimu mwenzangu wa chuoni, anayekuja huko kwenye semina. Anaondoka Alhamisi. Mpe ugali, si mtu wa makuu. Najua utashangaa, mtu ana simu mbili anaandika barua ya karatasi kama yuko bweni. Sijakupigia kwa sababu nikisikia sauti yako nitaanza kuchekacheka, nitakuuliza kama huko kuna baridi, halafu nitakata simu sijasema kitu. Nimeshafanya hivyo mara mbili wiki hii, na wewe ukadhani nimekumbuka tu kukusalimia.

Mjomba, naogopa. Niseme hivyo kwanza, mengine yafuate.

Unaukumbuka ule ufadhili wa utafiti niliokueleza mwaka jana? Wa kusoma PhD miaka mitatu, juu ya dagaa wa Ikola, kule ziwani, namna kina mama wanavyoweza kuwakausha kipindi cha mvua bila kuoza wala kujaa mchanga. Nimeomba ufadhili wa nje mara kumi na moja sasa. Tuzo za watafiti vijana nimeziomba mpaka ujana wenyewe umeniishia, maana nyingi zinakomea miaka thelathini na tano na mimi mwezi wa sita natimiza thelathini na nane. Chuo kimetuambia bila kuficha: fedha ya kutusomesha hakuna, kila mtu akatafute nje, na ambaye hatakuwa na nafasi ya kusoma ifikapo Septemba mkataba wake hauongezwi. Kumi walinikataa, wengine hata kwa kunyamaza. Hawa wa kumi na moja wakanijibu Jumanne iliyopita. Nimeingia katika sita wa mwisho, na watachukua wawili.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Halafu nikasoma aya ya pili.

Wanasema watawapigia simu wadhamini wetu wote, wale waliotuandikia barua za kutushuhudia. Nusu saa kila mmoja, kuuliza yale waliyoyaandika. Profesa wangu wa zamani ni Jumanne. Wewe ni Jumatano tarehe 19, saa nne asubuhi kwa saa za kwenu. Na wewe, mjomba, hujui uliandika nini. Najua mimi, kwa sababu niliandika mimi.

Huku kwetu hili si jambo geni, ndiyo maana sote wawili hatukushtuka. Ukimwomba mkubwa barua anakwambia andika mwenyewe ulete nigonge muhuri. Mkuu wangu wa shule alifanya hivyo. Mchungaji alifanya hivyo, akanirudishia nikaongeze sifa. Kwa hiyo wale wafadhili walipokutumia linki, ukanitumia mimi na ujumbe wako: "Jaza tu mayu, mwanangu, nina mitihani mia tatu ya kusahihisha, nakuamini." Nikajaza. Ilikuwa siku ya mwisho, dirisha linafungwa jioni, mtandao unakuja na kuondoka, na mdhamini wa pili sikuwa naye mwingine duniani.

Nakala nimeiweka ndani ya bahasha, usome mwenyewe ukiwa umekaa. Nimeandika kwamba unanifahamu kikazi tangu mwaka 2019, ulipokagua kazi yangu ya uwandani Ikola. Jamani! Mwaka 2019 ulikuja kumzika dada yako. Siku ya saba nikakupeleka Ikola ili upumue kidogo, ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vimejaa mchanga, ukala dagaa wa kukaanga sahani mbili. Huo ndio ukaguzi. Nimeandika pia kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha hujaona mtafiti mkweli kama mimi. Hiyo sentensi nilijisifia nikaona haya, lakini nikaiacha.

Hayo yote pengine yangepita. Kuna kimoja hakipiti. Chini kabisa ya fomu palikuwa na swali: je, una undugu wowote na mwombaji? Ndiyo, au Hapana. Masharti yao yanakataza mdhamini kuwa ndugu. Nilikaa pale na kidole juu ya kile kitufe, nikaanza kujitungia maneno. Kwamba majina yetu hayafanani. Kwamba undugu wa Wazungu unaishia kwa baba, mama na watoto, mjomba kwao ni mtu wa kutumiwa kadi ya Krismasi. Kwamba nani ataacha kazi zake Ulaya aje kuuliza Magamba nani kazaliwa na nani. Nikabofya Hapana. Kwa jina lako.

Tangu Jumanne sijala vizuri. Darasani nimeandika kitu kile kile ubaoni mara mbili, wanafunzi wakabaki wakinitazama. Selestine anasema nimeyakuza. Anasema tupange majibu, nikutumie, uyasome mara tatu, basi, kwani nusu saa ni nini kwa mtu aliyefundisha miaka yote hiyo. Si mtu mbaya mume wangu, anaogopa Septemba kama mimi, na mshahara wa mwalimu mmoja wa sekondari unajua mwenyewe. Nikamsikiliza. Nikakaa nikakuandikia kurasa mbili za maswali na majibu. Tulikutana wapi? Kwenye kongamano, Dodoma. Ulivutiwa na nini? Na mada yangu. Mara ya mwisho kuonana? Nikakutungia mpaka tarehe. Mimi, mtoto wa Tereza, nilikuwa nakutungia wewe uwongo wa kukariri, kama mwanafunzi anayetaka kuibia mtihani.

Halafu nikakumbuka Mama Épiphanie. Ni yule mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakausha dagaa pale Ikola, aliyekukaanga wale dagaa. Kwenye maombi nilimweka yeye kuwa mtu wa kuwasiliana naye kijijini, na wao wamesema watampigia pia, kuna mtu wao anajua Kiswahili. Sasa Ikola nzima wewe ni Mjomba wa Agape. Wakimtajia jina lako tu atawauliza hajambo goti lake. Kwa hiyo Jumamosi nikapanda basi kwenda kumwambia asiseme.

Basi lilikwama mara mbili kwenye matope kabla ya Kasekese, tukashuka tukasukuma. Nilifika saa nane, nimechafuka mpaka magotini. Mvua ilikuwa imekata, na kina mama walikuwa mbiombio kuwaanika dagaa kwenye chanja kabla haijarudi. Nikashika upande mmoja wa wavu, tukafanya kazi, na huku nikamweleza. Nilimwambia watapiga simu, wataulizia mambo ya chanja, waeleze vizuri. Na wakiulizia yule profesa aliyekuja na mimi, aseme alikuwa mgeni wa kazi tu.

Akakubali mara moja. Akasema atasema lolote nitakalomwambia. Huwezi kujua jinsi jibu hilo lilivyonitia hofu. Mama huyu wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972, na aliwahi kunisimulia siku aliyohojiwa kwa ajili ya uraia. Watu walimshauri asimtaje kaka yake aliyerudi kule, wakasema itamharibia karatasi. Akamtaja. Aliwataja wote, mmoja mmoja. Na leo mtu huyo yuko tayari kusema uwongo kwa sababu nimemwomba mimi.

Tukaendelea kuanika. Baada ya muda akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza bei:

"Kwani alikukosea nini?"

"Nani?"

"Mjomba wako. Mtu hamkani mjomba wake hivihivi."

Nikamwambia hujanikosea kitu. Akasema haya, akanipa ndoo nikachote maji.

Mjomba, njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani natazama nje na sikuona kitu. Nilikuwa nakuona wewe siku ya mazishi, umesimama mbele ya watu wote uwanjani pale nyumbani, umenishika bega, unawaambia, "Tereza amekwenda, lakini huyu ni wangu, asiwepo wa kumwita yatima." Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, nina mume, na bado nililishika neno lile kama godoro uliloninunulia nilipokwenda kidato cha kwanza. Wewe ulisema mbele ya kijiji. Mimi nikasema hapana mbele ya kompyuta, peke yangu, ili nipate ufadhili.

Zile kurasa mbili nimezichana. Leo asubuhi, kabla ya kipindi changu cha kwanza, nimewaandikia wale wafadhili. Mistari saba. Nimewaambia wewe ni kaka wa mama yangu, tumbo moja. Nimewaambia barua na fomu nilijaza mimi, na kwamba wewe hukuiona kabla haijatumwa. Nimewaambia pia kwamba Ikola ulikuja ukiwa na msiba. Nikasoma mara moja, nikatuma, nikaenda darasani.

Sikukuomba ruhusa. Ningeweza kukupigia kwanza, na jina lililomo mle ndani ni lako, si langu peke yangu. Wewe mwenyewe unakaa kwenye kamati ya kupitisha maombi ya utafiti ya watu wengine hapo chuoni kwenu. Nilijua ningekuuliza ungenizuia, na ningefurahi kuzuiwa, ndiyo maana sikukuuliza. Kwa hilo nisamehe. Kama watawaandikia wakubwa wako, waambie kosa ni langu. Barua hii iwe ushahidi wako, nimeiandika kwa mkono na nimeitia sahihi.

Selestine nimemwambia mchana huu. Hakugomba. Aliuliza tu kama bado wanaajiri kule kiwanda cha kukoboa mpunga. Baba bado hajui, na naomba asijue mpaka tujue sisi.

Hawajajibu. Labda wameshanifuta. Labda majina ya watu kama mimi yanatumwa kwa wafadhili wengine wote, sijui mambo yao yanakwendaje, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi, kutojua. Labda Septemba nitakuwa nafuga kuku hapa Magamba na digrii zangu mbili ukutani.

Msalimie sana Mama Nashon, mwambie kitenge alichoagiza kimepatikana na Arcade anacho. Nashon mwambie shule haina njia ya mkato, akiuliza dada yake amejuaje, mwambie aniulize mimi. Baba anakusalimia na anasema ng'ombe wako yule mwekundu amezaa dume. Bwana akupe afya na akulinde kwenye hiyo nchi ya watu, na usiku ulale.

Sasa lile lililonifanya niandike. Wanaweza wakapiga simu hata hivyo, siku ile ile, saa ile ile. Na mimi nakujua, mjomba. Utanitetea. Utasema uliandika wewe, utasema mimi ni binti mwenye wasiwasi anayejichanganya tu, utasema lolote kwa ajili ya dada yako aliyelala hapa. Nakuomba usifanye hivyo. Wakikuuliza kama una undugu na mimi, wajibu ndiyo, na uwaambie undugu gani, hata kama hiyo ndiyo itakayoniangusha. Mimi nimeshakukana mara moja. Wewe usinikane kwa kunihurumia.

Ni mimi, mpwa wako wa damu, ninayekupenda,
Agape