Tochi ya Akiba ya Yesenia

Jumatano, 28 Januari 2026

Goti limenishinda. Daktari kasema nisipande tena Acatenango. Miaka kumi na tisa ya kuongoza wageni kwenye volkano ile, basi! Tarehe saba Yesenia ataongoza kundi lake la kwanza. Binti yangu wa pekee. Tochi ya kichwani anayo, nzuri. Lakini chama cha waongozaji kinadai na ya akiba: ndogo, ngumu, isiyoogopa maji. Mimi nadai kuliko chama. Mwaka juzi ya kwangu ilizima kwenye mteremko wa majivu, nikashuka kwa makalio na Wajerumani sita nyuma yangu. Mwanangu hatashuka hivyo.

Ijumaa, 30 Januari

Nimeazima tochi tatu, nimezitesa. Ndoo ya maji. Kuangushwa kwenye jiwe la kufulia. Kisha friza ya muuza aiskrimu, maana kule juu baridi haina adabu. Ya kwanza ilikunywa maji. Ya pili inajiwasha yenyewe mfukoni — unafika kambini, betri kwisha! Ya tatu inachajiwa kwa waya. Nichomeke wapi, kwenye volkano?

Niipendayo iko duka moja mjini Antigua. Fupi kama kidole, alumini, betri moja ya kawaida, unazungusha kichwa inawaka. Haina king'ora, haina upuuzi.

Tatizo ni kompadre Wenceslao. Ndiye aliyemshika Yesenia siku ya ubatizo, na ndiye auzaye tochi sokoni. Hapa kwetu, kununua kwa mwingine kitu anachouza kompadre wako ni kumtemea mate usoni. Na hizo tochi zake... Mungu anisamehe.

Jumatatu, 2 Februari

Candelaria, sikukuu ya mishumaa. Kila mtu kanisani na mishumaa yake ibarikiwe. Kompadre huyo, kavaa suti ya harusi yake, mkononi tochi mpya yenye utepe mweupe! Eti mshumaa ni taa na tochi ni taa, ya mwanawe wa ubatizo lazima ipate baraka.

Padri akacheka, akainyunyizia. Kompadre akaona matone hayatoshi. Akafungua kifuniko — baraka ifike mpaka kwenye betri! — akaomba inyunyiziwe tena. Nimeng'ata midomo mpaka inauma.

Mkewe akaninong'oneza, "Tochi za wenzetu huzuia maji, komadre. Ya mume wangu inapokea komunyo."

Jumanne, 3 Februari

Imezima. Ingeachaje kuzima! Nimeianika juani, ikawaka, ikapepesa, ikalala. Kuitupa siwezi, imebarikiwa. Kuirudisha siwezi. Nimemuuliza padri kama baraka huweza kuhamishwa kutoka tochi moja kwenda nyingine. Kasema nimwache ale chakula chake.

Alhamisi, 5 Februari

Antigua, kwa siri, nimejitanda shali kama mwizi. Nimeinunua! Ndoo, inawaka. Jiwe, inawaka. Friza, inawaka! Nimeificha ndani ya soksi ya Yesenia. Yeye anacheka: "Mama, unaificha kama bangi." Nikamwambia baba yako wa ubatizo asiione, hilo tu.

Jumamosi, 7 Februari

Saa tatu asubuhi kompadre getini. Anataka kuona zawadi yake inavyopanda mlima. Yesenia akaitoa. Kompadre akabonyeza — ikawaka, msaliti huyo! Akaitia mwenyewe kwenye begi lake, macho yamejaa machozi. Ningesema. Nikatabasamu tu.

Walipoondoka nikakuta soksi kitandani, na tochi ndani. Ameona aibu kumficha baba yake wa ubatizo kitu. Mtoto mjinga, mwenye adabu! Na adabu hiyo kafundishwa na nani? Na mimi.

Saa kumi na moja jioni. Redio ya chama. Ukungu na manyunyu — mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi! Mgeni mmoja kavunjika mguu kwenye mteremko wa majivu. Yesenia kabaki naye, wengine kawatanguliza kambini na mpagazi. Tochi ya kichwani kampa mpagazi, maana wale ni saba. Ndivyo nilivyomfundisha. Ningefanya hivyohivyo. Kwa hiyo kabaki na ile ya baraka.

Saa kumi na mbili na nusu. Giza. Kambini wanasema wakitazama chini hawaoni taa yoyote. Pikapu ya waokoaji inakuja kunichukua. Goti na life.

Kompadre kaja mbio. Eti nibaki, atapanda yeye. Nikamwambia yote, bila kumeza neno: tochi yako imekufa tangu Jumanne, nami nilijua. Akaniinamia animulikie nifunge viatu. Hapo ndipo nikaona kilicho mkononi mwake. Fupi, ya alumini, kichwa cha kuzungusha. Rangi imechubuka yote.

"Hiyo unayo tangu lini, kompadre?"

"Miaka minane."

"Na ya mwanao wa ubatizo?"

Akatazama chini. "Zile za sokoni ni za kuuza tu, komadre."

Nimempokonya. Hakubisha. Ninazo mbili sasa, moja kila mfuko, na mwanangu hana hata moja. Pikapu inapiga honi, kompadre anasema niache kuandika, redio inakoroma tena lakini sisikii wanataja jina la nani —